Mukono wa Kushoto wa Mama

Bunia, Mudzipela, tarehe 11 mwezi wa pili 2025

Yaya Hervé, kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Siye hapa tunapumua, Mungu anatulinda. Yves iko anajenga ukuta wa paroki. Kila siku anarudi na simenti mu nyusi, na watoto wanamucheka ati baba amezeeka mbele ya babu. Mukubwa anafanya vizuri mu masomo. Mudogo anakohoa, lakini si sana. Mvua imekawia, na vumbi ya barabara inaingia hadi ndani ya sufuria. Kazi ya cherehani inaenda: wasichana wa korali wameniletea vitambaa vya Pasaka mapema, nashukuru.

Mama iko. Upande wa kuume bado umelala vile uliuacha, na sauti haijarudi. Mukono wa kushoto njo unasema yote. Akitaka maji anagusa shingo. Akitaka kugeuzwa anapiga kitanda. Akitaka kutaja mutu, anamuonyesha kwa midomo, vile alikuwa anafanya hata wakati alikuwa muzima. Mwanzoni alikuwa anaona haya kutumia mukono wa kushoto mbele ya wageni, unamujua Mama. Sasa ameshazoea.

Jambo lingine dogo: Joyeuse haiko tena hapa. Unamukumbuka, yule mujane mudogo aliyekimbia vita upande wa Bule, ambaye Mama mwenyewe alimuleta nyumbani kutoka misa, mbele ya ugonjwa, akasema atakaa na siye. Tangu Mama aanguke, yeye njo alikuwa anamuosha na kumulisha wakati mimi niko kwenye cherehani. Basi, ameenda. Kazi ile ninaifanya mwenyewe.

Usipige telefone juu ya mambo hii. Andika tu. Dady wa lori atapita kwako akirudi kutoka Arua.

Salimia Elisabeth na watoto.

Mudogo wako,
Lydie


Aru, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Mudogo wangu Lydie,

Barua yako imefika, imekunjamana na kunuka mazutu ya lori, lakini imefika. Siye tuko muzuri. Elisabeth amepanda maharagi nyuma ya nyumba, na kuku za jirani zinamutesa kila asubuhi. Hapa duane, ofisi ya ushuru, malori yamejipanga toka mupaka hadi karibu na soko. Nasimama mu jua kutwa nikiangalia mizigo ya watu. Dady ana sabuni, sukari na kikwembe kimoja cha Mama kujifunga. Rangi yake Elisabeth njo alichagua. Kama haipendi, mulaumu yeye.

Sasa unisikilize. Umeandika "ameenda." Mutu anaenda wapi wakati kijiji chake kilichomwa? Nilimuuliza Dady, na weye unajua mudomo wa Dady haufungwi hata na kufuli. Aliinama akaangalia matairi ya lori yake, akasema hajui kitu. Hapo nikajua iko jambo.

Nilipiga telefone, hukushika. Nikapiga ya Yves, akashika, akasema, "Yaya, umuulize Lydie," kisha akakata.

Ni nini kilitokea?

Unaniuliza kila mara nitakuja lini, na safari hii hukuuliza. Nimeona. Kuja bado ni ngumu, kazi imenibana.

Kaka yako,
Hervé


Bunia, tarehe 6 mwezi wa ine 2025

Yaya Hervé,

Usikasirike kwamba nimekawia. Karatasi hii niliianza wakati wa Majivu. Watoto wako muzima, kikohozi kimeisha. Mvua imeanza na jirani yetu Mama Annette amepoteza ukuta wa jikoni. Yves alimusaidia kuusimamisha. Asante kwa sukari. Kikwembe nilimufunika Mama nacho. Alikishika na vidole muda murefu, kisha akakisukuma pembeni.

Nitakuambia, lakini usinihukumu mbele ya kufika mwisho.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mu saa ya muchana. Nilikuwa nimerudi kutafuta uzi. Mama alikuwa mu kiwanja juu ya mukeka, Joyeuse alikuwa anaanika nguo. Mama aliponiona alipiga paja kuniita. Nikainama. Akamuonyesha Joyeuse kwa midomo. Kisha akafunga ngumi, ule mukono wa kushoto, akajipiga tumbo. Akapiga tena, na tena, kwa nguvu, na machozi yakaanza kushuka.

Nikamuuliza, "Mama, anakunyima chakula?" Akapiga tumbo. Nikauliza, "Ao anakupiga?" Akapiga tumbo.

Yaya, weye hukuwa hapa. Mama alikuwa amekonda, mifupa ya mabega inaonekana. Kwenye mukono mugonjwa kulikuwa alama nyeusi. Ungefikiri nini?

Nilipiga kelele. Joyeuse akaacha nguo ikaanguka mu udongo. Akasema, "Mimi, Yaya Lydie? Mimi?" Akakimbia kwa Mama, akapiga magoti: "Mama, niambie, nimekufanyia nini?" Kumuuliza mutu asiye na sauti! Mama alitikisa kichwa, lakini unajua tangu ugonjwa kichwa chake kinatikisika chenyewe. Mimi nikaingia ndani, nikachukua mufuko wa vitu vyake, nikautupa inje, barabarani. Watu wakakusanyika. Nikasema kwa sauti mambo ya mwizi wa chakula cha mugonjwa na mupiga wazee.

Joyeuse alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu, tupu, vile mutu anaonyesha kwamba hana kitu. Na mimi, mbele ya watu wote, nikatema mate chini, karibu na miguu yake.

Akaokota mufuko akaenda. Wanasema iko mu kambi ya wakimbizi, kwa shangazi yake.

Tangu ile siku Mama hakubali chakula cha mukono wangu. Yves akimulisha anakula kidogo. Mimi nikikaribia na kijiko anafunga macho. Hageuzi kichwa, hasukumi. Anafunga macho tu, mpaka niondoke.

Nililinda mama yetu. Mutoto gani hangefanya vile?

Lydie


Aru, tarehe 19 mwezi wa tano 2025

Mudogo wangu,

Elisabeth anakusalimia, watoto pia. Maharagi yametoka.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kati ya malori, nikaikunja, nikairudilia nyumbani. Sina hukumu ya kukupatia. Mutu ambaye haikuwa pale afunge mudomo, na mimi si mara hii tu ambayo sikuwa pale.

Unakumbuka nilipokuja wakati Mama alitoka hospitali. Nilisema nitakaa juma nzima. Ukaamuka asubuhi, kitanda changu kilikuwa tupu. Nilikuambia kazi iliniita. Basi.

Nitakuja Pentekoste. Usimuambie Mama, nisije nikashindwa njiani.

Hervé


Bunia, tarehe 15 mwezi wa sita 2025

Yaya Hervé,

Wamesema lori lilifika Aru salama, nashukuru. Watoto wanakuuliza. Uliacha koti yako juu ya kiti. Nimeifua, Dady anayo.

Juma imepita, na mimi na weye hatujasema kitu. Tuliagana kama watu wawili waliokutana mu foleni ya hospitali. Sasa ninaandika ile jambo ambayo sote tuliona na hakuna mumoja wetu aliyeitaja, kwa sababu karatasi haina macho, naweza kuiambia.

Uliingia ukiwa na vumbi ya safari. Ukavua viatu, ukapiga magoti mbele ya kitanda. Mama Annette alikuwa amekuja kutusalimia, mimi nilikuwa na birika ya chai mukononi. Mama alikutazama muda. Kisha akakuonyesha kwa midomo. Akafunga ngumi. Akajipiga tumbo, tena na tena, kwa nguvu, na machozi yakaanza kushuka.

Weye hukumupiga. Hukumunyima chakula. Ulikuwa hujaweka hata mufuko chini.

Na Mama Annette akapiga vigelegele, akasema, "Muangalie! Anasema, huyu ni mutoto wa tumbo yangu!"

Hakuna aliyemueleza Mama Annette. Aliona tu, akajua, vile mutu yeyote angejua. Uligeuka ukanitazama. Mimi nikatazama birika. Nikamwaga chai mu vikombe na inje ya vikombe, na wote wakafanya kama hawaoni. Kesho yake ukasema kazi inakuita.

Sasa iko neno moja ambalo sikuandika mwezi wa ine. Niliandika juu ya ngumi, juu ya tumbo, juu ya machozi. Sikuandika juu ya uso.

Uso wa Mama, ile siku ya Joyeuse, haukuwa uso wa mutu anayeshitaki. Weye unaujua uso wake wa kushitaki: pua inapanuka, jicho moja linafinyika. Ile siku paji la uso lilikuwa laini. Alikuwa anamuangalia yule binti vile alikuwa anaangalia mitumbwi ikirudi, tukiwa wadogo kule Mahagi kwenye ziwa, wakati alikuwa anamutafuta Baba ndani yake. Niliuona ule uso, Yaya. Niliuona vizuri. Nikachagua kuangalia ngumi.

Kwa sababu mimi njo niko hapa tangu mwanzo. Mimi njo niliuza cherehani ya kwanza tununue dawa. Na Mama anamuonyesha mutu wa kuokotwa kwenye misa na kusema, tumbo yangu. Kwangu hajafanya ile alama hata mara moja. Sikumuuliza kama anapigwa kwa sababu nilitaka kujua. Niliuliza ili nipate jibu ambalo nilikuwa natafuta. Na ile alama nyeusi kwenye mukono ilikuwa ya sindano. Nilikuwa pale wakati mufirmye wa hospitali alimutoboa.

Yves alijua kwamba ni uongo. Alinikuta nikipiga kelele barabarani, akaniangalia, akaingia ndani. Tangu ile siku anakula akiangalia sahani.

Usinionyeshe barua hii tukionana. Uichome.

Lydie


Aru, tarehe 29 mwezi wa sita 2025

Mudogo wangu Lydie,

Siye tuko. Mutoto wa katikati alianguka mu muti, mukono umefungwa, lakini anacheza na ule mwingine.

Barua sikuichoma. Lakini hakuna atakayeiona.

Uliandika kwamba nilikutazama. Kweli nilikutazama, lakini si ya kukuhukumu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho. Mama ananiita mutoto wa tumbo yake mbele ya watu, na mimi tangu aanguke sijamuosha hata kidole. Ile mara ya kwanza nilikimbia kwa sababu aliniangalia. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda, ananiangalia, na sikuweza kujua kama anasema kaa, ao anasema maji, ao anasema uliniacha. Nilikosa kuvumilia kutojua. Nikatoka mulango wa nyuma, viatu mukononi, mimi mwanaume mwenye watoto. Tangu hapo ninatuma sabuni.

Na ile Jumapili nilipojua anasema nini, aibu ilizidi. Mutu anayekushitaki unaweza kumujibu. Mama yangu hakuwa ananishitaki.

Basi tusipimane. Lakini Joyeuse iko mu kambi, na jina lake liko barabarani mbele ya nyumba yako, pale pale ulilitupa. Ninajua unafikiri kutuma neno kwa masista wa paroki, ao kutuma kikwembe na sukari. Hiyo ni njia yangu, na umeona inafika wapi. Enda mwenyewe. Ulimutukana kwa mwili wako wote mbele ya watu. Mudomo peke yake hautatosha, na mudomo wa mutu mwingine ndio kabisa.

Juu ya ile ingine, kwamba Mama hajafanya alama kwako. Elisabeth anasema ni kwa sababu mutu haonyeshi kitu ambacho kiko kwenye mwili wake kila siku. Mimi sijui. Sitakudanganya ili ulale muzuri.

Nimeomba ruhusa ya kazi. Mwezi wa nane nitakuja, na nitakaa. Unifundishe kumugeuza.

Hervé


Bunia, tarehe 20 mwezi wa saba 2025

Yaya Hervé,

Mutoto apone mukono. Shule zimefungwa, nyumba imejaa kelele. Ukuta wa paroki umeisha, wamemusifu Yves kwenye misa, akaona haya, akatoka inje mbele ya wimbo wa mwisho.

Nilienda.

Nilivaa kikwembe cha kawaida, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kambini, nikaulizia. Joyeuse alikuwa kwenye foleni ya maji, pamoja na wanawake wengi, mabidoni yamepangwa chini. Amekonda. Aliponiona hakukimbia. Aliliweka bidoni lake mbele ya miguu kama mutu anaweka kizuizi.

Yote nilipanga kusema njiani ilinitoka. Nikapiga magoti pale, mu tope ya maji yanayomwagika. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Joyeuse, hukumukosea Mama. Hukumupiga, hukumunyima kitu. Mimi njo nilisema uongo juu yako, na nilijua uso wa Mama ulikuwa unasema nini. Nimekuja kukuomba samahani."

Mwanamuke mumoja alinipigia musonyo murefu, nami niliukubali. Joyeuse aliangalia juu ya kichwa changu, mbali. Zamu yake ikafika, akasogeza bidoni chini ya bomba, akangoja lijae. Nilikuwa bado chini. Kisha akasema, "Simama, Yaya. Unafunga njia ya maji."

Nikasimama. Akaweka bidoni kichwani, akaanza kutembea, nikamufuata nyuma kama mutoto. Kwenye mulango wa shangazi yake akasimama bila kugeuka.

"Mama anakula?"

"Kidogo. Kwa mukono wa Yves. Mimi ananifungia macho."

Nyuma ya shingo yake niliona mabega yameshuka kidogo. Akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimewaita wale waliosikia kelele zangu mwezi wa kwanza: Mama Annette, watu wa ngambo ya barabara, muuza makala ya kupikia. Joyeuse nilikuwa nimemuambia siku ile kupitia mulango wa shangazi yake, sikujua kama atakuja. Alikuja baada ya misa, na shangazi yake. Nikasema mbele yao yale niliyosema kambini. Muuza makala alikuna kichwa. Mama Annette aliweka mukono kwenye mudomo, ukabaki pale. Ni yeye alikuwa ameeneza hadisi ile sokoni, kwa sababu aliniamini. Baadaye alimuendea Joyeuse, akamufuta vumbi kwenye bega, na hapakuwa vumbi.

Joyeuse hakungoja tumalize. Aliingia kwa Mama.

Mama alimuona. Yaya, sitakuandikia ile sauti, si sauti ya neno, lakini tulidhani haiko tena ndani yake. Ngumi ikapiga tumbo. Joyeuse akaushika ule mukono katikati ya njia, akaupapasa mpaka ukafunguka, akauweka juu ya shavu lake. Kisha akaomba maji ya moto. Alimuosha, akamugeuza, akamupaka mafuta, akamulisha uji mpaka mwisho wa bakuli. Mimi nilisimama kwenye mulango na taulo. Mara moja alinyoosha mukono nyuma bila kuniangalia, nikampa taulo. Hiyo tu.

Nilimuomba arudi. Alisema, "Nitakuja kumuona Mama. Kulala hapa, hapana. Mwili wangu unakataa huu mulango." Nilitaka kumubishia, nikafunga mudomo. Amerudi tangu hapo, anakuja na kuenda. Anaongea na Mama, anaongea na watoto. Yeye na Yves walicheka mara moja juu ya kitu, sijui ni nini. Nilipotoka jikoni wakanyamaza.

Usiniulize kama Mama bado ananifungia macho. Utaona mwenyewe mwezi wa nane.

Lakini ile Jumapili ya kwanza, alipokuwa anaaga, alimupa Yves mukono, akawapa watoto mukono, akampa Mama Annette mukono. Akafika kwangu. Nikanyoosha wangu. Alisimama. Kisha akakunja vidole ndani akanipatia kifundo cha mukono, vile mutu anasalimia wakati mikono yake iko na matope ao samaki.

Mikono yake ilikuwa misafi, Yaya. Ilikuwa imekauka, inanuka mafuta ya Mama.

Nikakishika kile kifundo, sikukifinya, mpaka yeye mwenyewe alipokitoa.

Mudogo wako,
Lydie